Moto na matope: namna ya kulinda cheni, ruleman na akse

Kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano, mvua inageuza barabara nyingi za Kivu kuwa matope. Huko Shabunda, Walikale na vijiji vingi ambako gari haipite, moto ndiyo inabeba mihogo, dawa, wanafunzi na wagonjwa. Gurudumu la nyuma likikwama gafla kwenye mtelemko, motari na abiria wake wote wanaanguka. Mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya vitu vitatu: cheni, ruleman ao akse, ile chuma inayopita katikati ya gurudumu. Vitu hivi vinategemeana. Kimoja kikiharibika, kinaharibisha vingine.

Cheni

Cheni nyingi za moto ndogo zinaandikwa namba 428. Toka pini moja mpaka ingine kuna milimita 12,7. Matope yenye muchanga yakiingia kati ya pini na bushi zake, yanakula chuma polepole. Ndiyo maana watu wanasema cheni "imerefuka". Chuma hakikuvutika, ni pini zimelika.

Kisha kazi ya siku, moto ikiwa imezimwa, motari anasugua cheni na brosi na mafuta ya taa kidogo, anapanguza, anaacha ikauke, kiisha anatia mafuta mazito yenye kuandikwa SAE 90 upande wa ndani. Kusafisha cheni huku injini inazunguka kumekata vidole vya watu wengi. Mafuta yaliyotolewa kwenye injini wakati wa vidanje hayafae, juu yanabeba unga wa chuma na uchafu.

Cheni inaombwa kulegea kidogo. Kwa moto nyingi za cc 100 hadi 150, ikisukumwa na kidole katikati, upande wa chini, inacheza kati ya milimita 20 na 30. Kitabu cha moto kinatoa kipimo kamili. Wengine wanaikaza sana wakiamini haitatoka. Lakini abiria wawili wakipanda, gurudumu linapanda juu na cheni inakazika zaidi. Hapo inavuta ruleman za gurudumu na za injini mpaka zinakufa mbele ya wakati.

Wakati wa kukaza, nati ya akse inalegezwa kwanza, kiisha skuru za pande mbili zinazungushwa sawasawa kufuata alama. Upande mmoja ukizidi, gurudumu linapinda na meno yanalika upande. Nati ikisha kukazwa, freni ya nyuma inapimwa tena, juu gurudumu limesogea.

Kipande kidogo kinachofunga kiungo cha cheni kina upande wazi na upande uliofungwa. Upande uliofungwa unatangulia kule cheni inaelekea. Kikiwekwa kinyume, jiwe ao kijiti kinaweza kukitoa, na cheni ikikatika inaweza kupasua kifuniko cha injini.

Ikiwa cheni inavutika nyuma ya kurone, lile gurudumu la meno la nyuma, na nusu ya jino inaonekana, imekwisha. Hapo cheni, kurone na pinyo ya mbele vinabadilishwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno ya zamani inalika haraka, na feza inapotea mara mbili.

Ruleman

Moto ikivuka mto baada ya safari ndefu, katikati ya gurudumu kuna joto. Maji ya baridi yanafanya hewa ya ndani ijikunje, na maji yanafyonzwa kupita kwenye mipira ya kuzuia. Grisi inageuka rangi ya maziwa, kutu inaanza. Ni vema kungoja gurudumu lipoe mbele ya kuingia mtoni. Na wakati wa kuosha, maji ya nguvu yasielekezwe katikati ya gurudumu.

Kila juma, moto inasimamishwa kwenye stendi ya kati. Gurudumu linashikwa juu na chini na kusukumwa. Likicheza, ao likizungushwa linasaga kama muchanga, ruleman inaomba kubadilishwa.

Sokoni, namba iliyoandikwa juu ya ruleman inasaidia kununua vizuri. Kwa mufano, 6202 ina tundu la milimita 15, na 6301 ina la milimita 12. Herufi 2RS zinaonyesha mipira pande zote mbili. ZZ ni vifuniko vya chuma. Kwa njia za maji na matope, 2RS inafaa zaidi.

Fundi anapoingiza ruleman mpya anagonga duara la inje tu. Akigonga la ndani, gololi zinaumia kabla moto haijatoka garaji. Pia kuna kipande cha bomba kati ya ruleman mbili. Kikisahauliwa, nati ikikazwa inabana ruleman na gurudumu linaweza kukwama njiani.

Akse

Kila mara gurudumu linapotolewa, akse inasafishwa na kuviringishwa juu ya kioo ao meza iliyo sawa. Ikirukaruka, imepinda, na haifae kunyoshwa kwa nyundo. Ikiwa nzima, inapakwa grisi kidogo ili kutu isiishike. Chuma ya kujengea nyumba haiwezi kuchukua nafasi yake: haina kipimo wala ugumu unaohitajika.

Mbele ya kutoka asubui, vitu vitatu vinatosha kuangalia: nati ya akse na pini yake, mulegeo wa cheni, na mucheko wa gurudumu. Kazi hiyo haipite dakika tano. Abiria pia ana haki ya kuangalia cheni na kukataa kupanda moto ambayo gurudumu lake linacheza.