Udongo mweusi wa nyuma ya jikoni

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho aliniuliza kama ni kweli biochari ilivumbuliwa Marekani, maana anataka kuiandika hivyo kwenye utangulizi wa memware yake. Nilianza kumjibu kwa simu, nikaona yuniti zinaisha na mimi sijafika ata nusu. Njo maana naandika hapa. Na niseme mapema: kosa lake nililifanya mimi pia, na lililipwa na mtu mwingine.

Biochari ni makala. Unachukua magunzi ya mahindi, pumba za mchele, matawi, unayachoma mu pipa yenye hewa kidogo, joto la digri 350 mpaka 700, ili yageuke meusi bila kuwa majivu. Makala ya mbabula inapika sombe. Hii inaenda mu udongo. Jina lenyewe ni la juzi tu. Watafiti wanaoishughulikia waliunda umoja wao wa kimataifa mwaka 2006, kwenye kongamano la dunia la sayansi ya udongo, Philadelphia. Pengine njo pale hadithi ya Marekani inatoka. Lakini kitu chenyewe kilikuwa mu udongo miaka zaidi ya 2000 mbele ya kongamano.

Mwaka 1542 Mhispania Francisco de Orellana alishuka mto Amazon na watu wake wenye njaa. Padri aliyekuwa naye, Gaspar de Carvajal, aliandika kwamba walikuta vijiji vikubwa vinafuatana kandokando ya mto. Waliopita nyuma yao hawakuviona tena. Magonjwa ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kuua watu wengi mno. Basi wasomi wakasema padri alitunga. Hoja yao ilikuwa ya agronomia, nayo haikuwa mbaya: udongo wa kule ni kama wetu wa Walungu, mwekundu ao wa manjano, mvua imeuosha tangu zamani, una asidi, aluminiamu ni nyingi, na fosfori kidogo iliyomo imeshikwa na chuma. Udongo kama ule utalisha miji kwa nini?

Lakini kulikuwa na madoa meusi. Katika miaka ya 1870 Charles Hartt, mtaalamu wa miamba, na kiisha yeye Herbert Smith, waliona vipande vya ardhi nyeusi vyenye vigae vya vyungu ndani. Wabrazili wenyewe waliviita terra preta, udongo mweusi, na walijua kwamba mahali pale mazao yanakubali. Mwaka 1903 Friedrich Katzer aliupima, akakuta mimea iliyochomwa imechanganyika mle, akaelewa kwamba ni mkono wa watu. Unadhani mambo yaliishia pale? Hapana. Miaka mingi wengine waliendelea kusema ni majivu ya volkano ao matope ya ziwa lililokauka. Kila kitu kiliwezekana, isipokuwa wenyeji kujua kazi yao.

Aliyegeuza mambo ni Mholanzi, Wim Sombroek, na kitabu chake cha 1966 juu ya udongo wa Amazon. Huyu mzee nampenda kwa sababu moja. Alizaliwa mwaka 1934, kwa hiyo alikuwa mtoto wakati wa njaa kubwa ya Uholanzi, baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita. Familia yake ilipona kwa kashamba kenye udongo mweusi ambao babu zake walikuwa wameujenga kwa vizazi, kwa mbolea na takataka za nyumbani. Alipofika Brazil na kushika ule udongo mkononi, hakuhitaji mtu wa kumwambia kwamba watu wanaweza kutengeneza ardhi. Alikuwa amekwisha kuila. Mwaka 2001 Bruno Glaser na wenzake walionyesha kwa vipimo kwamba terra preta inaweza kuwa na kaboni nyeusi, yaani ile ya makala, mpaka mara 70 kupita udongo wa jirani.

Ile namba 70 njo iliyonipoteza.

Niliisoma usiku mmoja wakati wa kutafuta sujeti ya memware, nikajiambia: siri ni makala. Nilitafuta pipa ya lita 200, nikatoboa chini, nikakusanya magunzi. Mama mmoja wa Walungu, rafiki wa mama yangu mkubwa, akanipa kipande cha shamba lake la maharage, kwa msimu wa Septemba. Hakuniomba franka. Alisema tu: « Mwana yangu, hii njo ya kulisha batoto, uiangalie muzuri. » Nilisaga makala, nikaipepeta, nikaipima kwa mizani, nikaitia kwenye mistari yangu na kamba zangu. Nilikuwa na furaha ya mtu mwenye protokoli.

Wiki ya tano maharage yangu yakawa ya manjano. Yale ya pembeni, yasiyo na kitu, yalikuwa mabaya kama kawaida. Yangu yalikuwa mabaya kuyapita.

Leo naweza kueleza. Makala mbichi, ikiingia peke yake mu udongo maskini, inaweza kushika azoti kidogo iliyokuwepo na mmea ukabaki na njaa. Na ile nguvu yake ya kushika kalsiamu, potasiamu na manyeziamu haiji siku ya kwanza. Uso wa makala unazeeka pole pole, oksijeni inaukula, na hapo njo unapata sehemu za kushikia chakula. Ni kazi ya miaka. Nilitaka kuona mu siku 90 kitu ambacho kilijengwa kwa vizazi. Mu labo hawakuweza kunipimia uwezo huo wa kushika chakula, reajenti zilikuwa zimeisha tangu mwaka uliotangulia. Nilibaki na karatasi za pH na macho yangu.

Yule mama alikuja kuangalia, akainama, akaokota makala yangu iliyopepetwa. Hakukasirika, na hilo njo lilinichoma zaidi.

« Agoronome yetu, makala yako iko safi sana. Ya kwetu ya nyuma ya jikoni haiko safi ata kidogo. »

Alinipeleka mu migomba yake. Sisi wote wa Bushi tunajua hali hiyo na hatuitazami: karibu na nyumba udongo ni mweusi, migomba imenona, bisusa zinatambaa, unatembea mita 100, udongo ni mwekundu na muhogo ni mwembamba. Pale nyuma ya jikoni kila siku, tangu mama mkwe wake, inamwagwa makala iliyobaki, majivu, maganda ya ndizi, mifupa, maji ya kuosha vyungu, mavi ya mbuzi. Nilichimba kwa kidole. Makala ilikuwepo, vipande vidogo, na kigae cha chungu.

Nilirudi kusoma upya, safari hii bila kurukia namba. Terra preta yote imejaa mifupa ya samaki, kinyesi, majivu, vigae. Ilikuwa imeandikwa wazi, mimi niliisoma kama mtu anayetafuta dawa moja. Na nikakuta utafiti wa 2016 wa Liberia na Ghana, wa James Fraser, Melissa Leach, Dawit Solomon na wenzao: udongo mweusi uliotengenezwa na watu, wenye kaboni ya mimea zaidi kwa asilimia 200 mpaka 300 kuliko udongo wa jirani, na unaendelea kutengenezwa mpaka leo. Na nani? Bamama hasa, wakipika, wakikamua mawese, wakitengeneza sabuni ya majivu. Hakuna pipa.

Sisi tulikuwa na INEAC tangu 1933, Yangambi, na kituo chake cha Mulungu hapa kwetu Kabare. Ni kazi kubwa, siibezi. Mngazi wa tenera uliofanya dunia ipate mafuta ulieleweka pale. Lakini mu vile vitabu vya zamani nilivyosoma mu maktaba nilikuta kahawa, kinkina, chai. Nyuma ya jikoni sikukuta.

(Na tafadhali, mtu asitoke hapa akaenda kukata miti ya Kahuzi-Biega eti anatengeneza biochari. Chukueni vumbi inayobaki chini ya magunia ya makala sokoni, na magunzi.)

Msimu wa pili niliweka makala ileile wiki sita mu mavi ya mbuzi na mkojo, kiisha nikaitia. Maharage yalikuwa ya kijani. Siyo muujiza, ni kijani tu. Siku ya mwisho nilipima pH pale mu migomba: karatasi ilionyesha 6, mu shamba ilikuwa kati ya 4 na 5. Nilimwonyesha zile rangi mbili. Akauliza kama hiyo nayo nitaiandika mu kitabu. Nikasema ndiyo. « Na jina ya nani? »

Memware ilikuwa imekwisha kupigwa na kushonwa, nakala nne. Kwenye ukurasa wa shukrani kuna profesa, asistanti, wazazi, marafiki wa promosio, na « mkulima mmoja wa eneo ». Nilifungua ule ukurasa mbele yake, nikaandika jina lake kwa bik, kwenye nakala yangu. Zile zingine tatu ziko mu maktaba na kwa maprofesa. Maharage ya ule msimu wa kwanza nilimhesabia mabeseni mawili. Moja nimekwisha kurudisha, la pili tulipatana liwe la mavuno ya Juni.