Mti wa Shimba na Dawa ya Saratani

Thamani ya mmea haijulikani upesi, na pengine hujulikana baada ya wenye haraka kuukatia tamaa. Ushahidi wa neno hili umo katika milima ya Shimba, Kwale, kusini ya Mombasa, ambako humea mti uitwao na wajuzi wa mimea *Maytenus buchananii*.

Habari yake ilianzia Ethiopia. Mwaka wa 1962 wakusanyaji kutoka Marekani walichukua huko mmea wa jamaa yake ili uchunguzwe kwa ajili ya maradhi ya saratani. Mwaka wa 1972 Morris Kupchan wa Chuo Kikuu cha Virginia, pamoja na wenzake, walitangaza kuwa wamepata ndani yake kemikali iitwayo maitansini. Nguvu yake ilikuwa kubwa, lakini kiasi chake haba: tani nzima ya mmea ule haikutoa hata gramu moja. Mti wa Shimba ulionekana kuwa nayo zaidi, na kwa sababu hiyo shehena zake zilikatwa Kwale katika miaka ya 1970 zikapelekwa Marekani.

Maitansini huharibu nyuzi nyembamba ambazo chembe ya mwili huzihitaji ili igawanyike. Chembe za saratani hufa, na zilizo nzima hudhurika vilevile. Wagonjwa waliojaribiwa walipata madhara mengi na nafuu ndogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaribio yaliachwa. Mshale ulikuwa mkali, lakini haukuwa na shabaha.

Shabaha ilipatikana baadaye. Wataalamu waliifunga kemikali ya ukoo huo kwenye kingamwili inayozishika chembe za saratani ya matiti zenye protini ya HER2 kwa wingi. Mwaka wa 2013 Marekani iliidhinisha dawa hiyo, trastuzumab emtansine, kwa wagonjwa ambao saratani yao ya aina hiyo imekwisha kusambaa mwilini. Msitu haukuhitajika tena wakati huo, kwa kuwa bakteria wanaotoa kemikali za ukoo huo walikuwa wamegunduliwa Japani mwaka wa 1977.

Mkataba wa bioanuwai, ambao matini yake yalikubaliwa Nairobi mwezi wa Mei 1992, ulitambua mamlaka ya mataifa juu ya mimea yao na kutaka faida igawanywe kwa haki. Kwa shehena za Shimba ulikuwa umechelewa. Elimu ilitumia miaka 51 kuitambua faida ya mmea ule; shoka halikungoja hata siku moja.