Kalamu ya wino na saa ya mhariri: miongo sita ya katuni za Tanzania

Kutoka Dar es Salaam, ilipo mitambo mikubwa ya kuchapa magazeti, hadi Singida mjini ni takribani kilomita 700. Kabla lami haijaiunganisha Singida na Dodoma, gazeti lilisafiri kwa reli mpaka Manyoni au Itigi, au kwa basi lililopita kwenye vumbi la nyanda kame za kati. Likifika Kiomboi au Ikungi, mkoani Singida, mara nyingi lilikuwa limeshakuwa la jana, pengine la juzi. Tangazo la mkutano lilisomwa mkutano umekwisha. Matokeo ya mpira yalishasikika redioni. Kilichobaki kibichi kilikuwa ukurasa wa katuni.

Si katuni zote, lakini. Zipo za aina mbili, na kila moja ilifikia mapatano yake na tarehe ya kutoka.

Ya kwanza ni kibonzo cha gazeti la kila siku. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Christian Gregory alianza kumchora Chakubanga katika Uhuru, gazeti la chama cha TANU. Umaarufu wa mhusika huyo ulikua hadi watu wengi wakawa wanamwita mchoraji mwenyewe kwa jina hilo. Kibonzo cha namna hii hakina nafasi ya madoido. Mhariri anataka kuzifunga kurasa jioni, mchoraji ana saa chache za kupata wazo, kulipiga kwa penseli na kupitisha wino. Mandhari inaachwa nyeupe, mtu anajulikana kwa pua, kofia au tumbo. Karatasi ya gazeti nayo ilikuwa na masharti yake: hunyonya wino, na mistari myembamba iliyobanana huungana ikawa doa jeusi. Aliyechora kwa mistari michache aliokoa muda wake na picha yake pia.

Nchini Kenya, Edward Gitau aliishi na ratiba ya namna hiyo kwa miongo mingi. Juha Kalulu wake, aliyeanza katika miaka ya 1950 na baadaye akawa mkazi wa gazeti la Taifa Leo, alidumu kwa sababu umbo lake lilikuwa jepesi kulirudia leo, kesho na mwakani.

Aina ya pili ni hadithi ya picha, na hapo ndipo ugomvi wa kalamu na saa ulipokolea. Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya Simu ya Kifo, alikuwa ameonja njia ya mkato kwa jarida la Film Tanzania: visa vyake vilisimuliwa kwa picha za kamera zenye maneno. Katika miaka ya 1970 Saidi Bawji na Nico ye Mbajo wakaanzisha jarida la Sani, na katika kurasa zake katuni za mkono zikapata makao yaliyokuja kutambulika nchi nzima.

Kijana aliyeipa Sani sura yake ni Philip Ndunguru, aliyezaliwa mwaka 1962. Ndumilakuwili, mjanja asiyeaminika, na Lodilofa, mvivu anayependa makuu, ni watu wa mkono wake. Ndunguru hakuridhika na kichwa na kivuli. Alitaka mtaa uonekane kuwa mtaa na mwili ukae kama mwili. Ukurasa wa namna hiyo haumalizwi kwa jioni moja, na jarida la visa lilimruhusu kwa kuwa kisa cha Lodilofa hakikutegemea habari za wiki. Msomaji wa Singida aliyekipata kwa kuchelewa alicheka sawasawa na wa Kariakoo.

Uchumi nao uliichelewesha ratiba kwa namna nyingine. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika, na karatasi pamoja nazo. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilianza uzalishaji mwaka 1985. Kabla ya hapo picha iliyokamilika ingeweza kusubiri karatasi badala ya karatasi kuisubiri picha.

Ndunguru alifariki mwaka 1986, hajatimiza miaka 25. Jarida lilikuwa na la kuamua: kuwazika wahusika pamoja na mchoraji, au kuwakabidhi kwa mwingine. Likachagua la pili. John Kaduma akashika kalamu, na wengine wakafuata. Tangu hapo Ndumilakuwili akawa wa jarida. Mkono ukibadilika, sura hubadilika kidogo, ila toleo linatoka.

Mwaka huohuo, huko Marekani, Alan Moore na Dave Gibbons walianza kutoa Watchmen, hadithi ya matoleo 12. Gibbons alichora kwa undani, maandiko ya Moore yakimfikia vipande vipande; matoleo ya mwisho yakachelewa, na kazi ikakamilika mwaka 1987. Hakuna aliyetafuta mchoraji mwingine, kampuni ya uchapishaji ilisubiri. Japani njia ni nyingine tena: mchoraji wa jarida la wiki huajiri wasaidizi wa kuchora majengo na kujaza vivuli, yeye abaki na nyuso.

Miaka ya 1990 ilipoleta vyama vingi na magazeti binafsi, wachoraji wa Tanzania walitawanyika. James Gayo alimpa mhusika wake Kingo visa ambavyo mara nyingi havina maneno. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, alihamia gazeti la Nation, Nairobi, mwaka 1992, akawa mtu wa kibonzo cha kila siku. Lakini mwaka 1996 kampuni ya Sasa Sema ilichapisha Abunuwasi yake kama kitabu kizima. Vibonzo viliendelea kuishi kwa ratiba ya gazeti. Kitabu kilimpa nafasi ya kusimulia kwa kurasa nyingi.

Leo kibonzo cha mchoraji Masoud Kipanya kinaweza kusomwa Mkalama, Singida, kwa simu kabla ya basi la magazeti kuondoka Dar es Salaam. Umbali uliowapendelea akina Lodilofa umefutika, na kibonzo cha siasa kinafika kikiwa moto. Ukurasa wenye picha nane na mtaa mzima nyuma yake ndio uliopoteza zaidi, maana kwenye kioo cha simu mtaa huo hausomeki bila kuvutwa kwa vidole viwili.