Kanuni za Mwonekano katika Violezo vya Usanifu wa Barabara

Kanuni za mwonekano ni masharti ambayo mhandisi huyaweka ndani ya kiolezo cha barabara ili programu iamue yenyewe, kila hatua ya njia, sehemu ipi ijengwe na ipi iachwe. Kiolezo ni sura ya barabara ikikatwa kutoka ukingo hadi ukingo: lami, tabaka zilizo chini yake, mabega, mitaro na miteremko ya pembeni. Katika OpenRoads Designer ya Bentley kila sehemu huandikiwa masharti yake. Civil 3D ya Autodesk ina kipande maalumu kinachotenganisha mahali pa kuchimba na mahali pa kujaza kifusi.

Faida ya kanuni hizi hudhihirika milimani. Barabara ya Bigwa–Matombo–Mvuha–Kisaki huanzia kandokando ya mji wa Morogoro na kupita mashariki mwa milima ya Uluguru, upande unaopata mvua nyingi zaidi kutoka Bahari ya Hindi. Katika ardhi ya namna hii, barabara ya ubavuni huchimbwa upande wa juu na kujazwa upande wa chini. Juu panahitajika mtaro wa kupokea maji; chini, tuta likiwa refu, panahitajika kingo za chuma. Njia ikivuka mgongo wa mlima, pande hubadilishana. Bila kanuni, mbunifu angetengeneza kiolezo kwa kila hali na kuvibadilisha kwa mkono kilomita hadi kilomita.

Sharti la kawaida hulinganisha nukta mbili: umbali wa mlalo, tofauti ya kimo, au mteremko. Kwa mfano, ukingo wa bega ukiwa juu ya ardhi kwa zaidi ya mita 3, kingo za chuma zitokee. Masharti huunganishwa kwa “na”, “au” na “si”, na sehemu moja yaweza kufuata nyingine: zinapotokea kingo, na bega pana litokee. Mara nyingi huongezwa nukta isiyojenga chochote, kazi yake kupima tu. Upande wa kushoto umbali wa mlalo husomeka hasi, kwa hiyo kiolezo kinachogeuzwa kutoka kulia hupotoka, isipokuwa sharti litumie thamani isiyojali alama.

Kuzima tabaka la mchoro ni jambo jingine kabisa: huficha mstari machoni, lakini ujazo wake hubaki kwenye hesabu. Sehemu iliyokataliwa na kanuni haijengwi kwenye modeli, wala haiingii kwenye mchanganuo wa gharama. Kwa sababu hiyo kila sharti linastahili kukaguliwa kwa makini sawa na unene wa lami.

Hatari kubwa iko kwenye nafasi kati ya mkato na mkato. Programu hupima masharti pale tu inapoweka kiolezo, yaani kwenye kila mkato. Nafasi ikiwa mita 20, korongo la mita 8 laweza kuangukia katikati lisionekane, na tuta lake likakosa kingo. Makorongoni nafasi hupunguzwa, na mkato wa ziada huwekwa katikati ya kila korongo kabla ya kiasi cha kazi kuhesabiwa.