Bawa la kitambaa na mzigo unaoning'inia

Wasikilizaji, barabara ikifungwa swali ni lile lile: mbona chakula kisiletwe kwa parachuti yenye injini?

Kitambaa chenyewe kilibuniwa na Domina Jalbert, fundi wa maputo na tiara, huko Marekani mwaka 1964. Hewa huingia mifukoni mwake, kikavimba kuwa bawa. Kazi ngumu ilikuwa hesabu. Mzigo unabembea chini, kwa hiyo wahandisi huhesabu bawa peke yake na mzigo peke yake, bila kusahau uzito wa hewa iliyomo ndani. Halafu, ukiongeza nguvu ya injini, chombo karibu hakiongezi mbio: kinapanda tu! Mwendo unategemea uzito na ukubwa wa bawa.

Kanada walitengeneza SnowGoose, chombo cha namna hiyo kisicho na rubani, cha kudondosha mizigo. Lakini upepo wa mbele ukilingana na mwendo wake, kinabaki palepale angani huku petroli inaisha.