Uvimbe Kwenye Kibofu Sio Lazima Uwe Saratani: Mambo ya Kujua Ukiwa Tabora

Ukikojoa damu Tabora, jibu la mtaani huwa ni moja: "Hicho kichocho tu, kameze dawa." Mara nyingi ni kweli. Lakini sio kila mara, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Kuna na kosa la upande wa pili. Mtu anapigwa altrasaundi, anaambiwa ana uvimbe kwenye kibofu cha mkojo, anarudi nyumbani akijua ni saratani na safari imeisha. Hospitali harudi tena. Kumbe uvimbe wenyewe huenda sio saratani kabisa.

Ni kweli kwamba kwa mtu mzima, uvimbe mwingi wa kibofu huwa ni saratani. Ila upo usio saratani, na tiba yake ni tofauti. Kuujua kunaweza kukuokolea kibofu.

Kwa nini kichocho kinachanganya

Kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, kuna aina mbili za kichocho. Ujiji na Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, kinachojulikana zaidi ni kichocho cha tumbo, kinachoshambulia utumbo na ini. Huku Tabora, kwenye malambo, madimbwi ya msimu na majaruba ya mpunga, kipo kichocho cha mkojo.

Mayai ya minyoo wa kichocho cha mkojo hukwama kwenye ukuta wa kibofu. Mwili unapambana nayo, nyama inavimba, na kwenye altrasaundi inaonekana kama kinundu. Kwa watoto hasa, vinundu hivi mara nyingi hupungua au kuisha miezi kadhaa baada ya kumeza prazikwanteli, bila kisu.

Shida ni kichocho kilichokaa miaka mingi bila tiba. Hicho kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Mwaka 1994 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulikiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Sigara nayo ni kisababishi kikubwa.

Aina adimu zisizo saratani

1. Leiomaioma. Ni uvimbe wa misuli ya kibofu, ndugu wa ule uvimbe wa kizazi ambao wanawake wengi wanaujua. Ni chini ya asilimia 1 ya uvimbe wote wa kibofu. Ukiwa karibu na mlango wa kibofu, mkojo unatoka kwa shida au unakatika katika.

2. Papiloma. Huota kwenye ngozi ya ndani ya kibofu. Ipo aina inayokua kuelekea ndani ya ukuta, na huwapata zaidi wanaume. Dalili yake kubwa ni damu kwenye mkojo.

3. Paraganglioma. Ni adimu zaidi, na ina dalili ya pekee: mtu akikojoa, moyo unaenda mbio, kichwa kinauma, jasho linamtoka na presha inapanda. Ukiona hivyo, mwambie daktari kabla hajaugusa uvimbe. Ukikatwa bila maandalizi, presha inaweza kupanda ghafla na kuhatarisha maisha. Tena sio kila paraganglioma ni salama. Nyingine husambaa, hivyo mgonjwa hufuatiliwa kwa miaka.

4. Uvimbe wa mishipa ya damu. Huu unaweza kuvuja damu nyingi ukikatwa kipande.

Vipimo vinavyotakiwa

Mkojo ndio wa kwanza. Mayai ya kichocho huonekana vizuri kwenye mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo mkojo wa alfajiri unaweza kuyakosa. Maabara huangalia pia maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo.

Pili ni altrasaundi. Huonyesha uvimbe, mawe, na kama figo zimejaa mkojo. Ipigwe kibofu kikiwa kimejaa, la sivyo kinundu kidogo kinajificha.

Tatu ni kamera nyembamba inayopitishwa kwenye njia ya mkojo, ili daktari aone kibofu kwa ndani. Pale inapohitajika, siti skani huonyesha uvimbe umeingia kwenye ukuta kiasi gani.

Nne ni kinyama. Kipande cha uvimbe hukatwa na kupelekwa maabara ya patholojia, kikaangaliwe kwa hadubini. Altrasaundi haiwezi kuapa kwamba hii ni saratani au sio. Kinyama ndicho kinachotoa jibu.

Kwa hiyo uliza bila aibu: "Kinyama kimepelekwa wapi, na majibu lini?" Uvimbe ukitolewa na kutupwa bila kupimwa, wewe na daktari wako mtabaki mnakisia.

Tiba

Uvimbe mdogo ulio upande wa ndani hukwanguliwa kwa kifaa kinachopitia njia ya mkojo. Tumbo halipasuliwi. Utachomwa ganzi ya mgongo au kupewa nusu kaputi, kisha utakaa na mpira wa mkojo siku chache.

Ukiwa mkubwa au ndani ya ukuta, unatolewa kwa operesheni, wakati mwingine pamoja na sehemu ndogo ya kibofu. Kutoa kibofu chote sio tiba ya kawaida ya uvimbe usio saratani. Ukishauriwa hivyo, omba kwanza kuelezwa majibu ya kinyama.

Mwenye paraganglioma hupewa dawa za presha siku kadhaa kabla ya operesheni. Mwenye kichocho humeza prazikwanteli kulingana na uzito wake, kisha anarudia mkojo na altrasaundi. Kinundu kikibaki pale pale, hatua inayofuata ni kamera.

Uanzie wapi

Anza kituo cha afya kilicho karibu. Ngazi ya mkoa ipo Hospitali ya Rufaa ya Kitete, Tabora mjini, na kwa watu wa Igunga ipo Hospitali ya Nkinga. Ukihitaji daktari bingwa wa njia ya mkojo, rufaa inaweza kukupeleka Bugando, Mwanza. Beba karatasi zote, picha na majibu ya kinyama, usije ukaanza upya na kulipa mara mbili.

Usisubiri kama:

- Damu imeganda kwenye mkojo, au mkojo umegoma kutoka.
- Una homa na maumivu ya ubavu.
- Umemeza dawa ya kichocho na damu imerudi.
- Una zaidi ya miaka 40, au unavuta sigara, hata kama damu ilitoka mara moja tu na haikuuma.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaponza wengi. Damu ya uvimbe huja na kuondoka. Kukauka kwake sio kupona.

Na kwa wazazi: kuna sehemu mvulana akikojoa damu inachukuliwa kuwa ni dalili ya kukua. Sio kukua. Mpeleke akapimwe mapema, kibofu chake kikiwa bado kinaweza kurudi sawa kwa dawa tu.