Kikombe si kilo: Namna ya kulinganisha ujazo na uzito jikoni na sokoni

MAELEZO mengi ya mapishi hutaja vikombe na vijiko, ilhali dukani unga na sukari huuzwa kwa kilo, na sokoni mahindi hupimwa kwa gorogoro. Anayedhani kuwa vipimo hivi hubadilishana moja kwa moja huishia na maandazi magumu, au akapunjwa mchana peupe.

Kikombe na lita hupima nafasi ambayo kitu hujaza. Gramu na kilo hupima uzito wake. Maji hayasumbui, kwani mililita moja ina uzito wa gramu moja, hivyo kikombe cha mililita 250 hubeba gramu 250. Mafuta ya kupikia ni mepesi kuliko maji, na kikombe hicho hicho hutoa gramu 230 hivi. Asali, kwa upande wake, hufikia takriban gramu 350.

Katika vyakula vikavu, kikombe cha sukari huwa na gramu 210 hivi, na cha mchele mbichi gramu 200. Cha unga wa ngano hakizidi sana gramu 130. Hivyo basi, pakiti ya unga ya kilo mbili hutoa vikombe 15 hivi, lakini kilo moja ya sukari haifikishi vikombe vitano kamili.

Unga ndio mkaidi zaidi. Ukichekechwa, kikombe chaweza kushuka hadi gramu 110. Ukishindiliwa, hupanda hadi 150 au zaidi. Kwa kinyunya cha vikombe vinne, tofauti hiyo ni gramu 160, yaani zaidi ya kikombe kizima. Mpishi asiye na mizani na autie unga kikombeni kwa kijiko bila kuugongagonga, kisha ausawazishe kwa mgongo wa kisu.

Maelezo ya kigeni nayo yasomwe kwa makini. Kikombe cha Marekani ni mililita 237, na kijiko kikubwa cha Australia ni mililita 20 badala ya 15 zilizozoeleka. Vitabu vya zamani vya Uingereza hutumia ratili, ambayo ni gramu 454, na wakia, gramu 28.

Sokoni, gorogoro huitwa ya kilo mbili kwa sababu mkebe huo ulitengenezewa kilo mbili za mafuta ya kupikia, ambayo hujaza lita 2.2 hivi. Mahindi makavu yaliyosawazishwa katika nafasi hiyo hayafiki kilo mbili. Ni kilo 1.6 hivi. Ndiposa mnunuzi hudai kichuguu juu ya mkebe, na ana haki. Mkebe uliobonyezwa kitakoni humpunja zaidi, hivyo ni vyema kuuchungulia kabla ya kulipa.

Pishi ya Waswahili, yenye vibaba vinne, nayo ni kipimo cha ujazo. Waislamu hutoa pishi moja ya chakula kwa zaka ya fitri, na kwa kuwa nafaka hutofautiana uzito, makadirio yake huwa kati ya kilo 2.5 na 3.

Lakini hakuna mahali ambapo kosa ni la hatari kama katika maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto anayeharisha. Kijiko cha chai cha chumvi laini kina gramu sita hivi, cha sukari gramu nne. Kipimo kinachopendekezwa ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Kijiko chenye kichuguu chaweza kuongeza chumvi maradufu, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Palipo na pakiti za dawa hiyo kutoka zahanati, zitumiwe hizo kwanza, zikitiwa katika kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake.